Glasi za chupa kuukuu zinapasuka kitako siku ya pili

Mkolani: Habari wakuu. Kikundi chetu hapa Mwanza tunayeyusha chupa za bia na soda, tunapuliza glasi na majagi. Zikitoka zinang'aa vizuri, ila kesho yake tatu au nne katika kila kumi zimepasuka kitako bila kuguswa. Kitako kina milimita 8, ukuta milimita 3. Tanuri la kupozea tunalizima usiku, tunalifungua asubuhi. Tatizo ni chupa au moto?

FundiMoto: Moto, mkuu. Ukuta mwembamba hukakamaa mapema. Kitako kikija kusinyaa baadaye ukuta unakizuia, mkazo unabaki humo. Kioo cha chupa kikae nyuzi 540 hadi 550 za Selsiasi saa nzima, kishuke nyuzi 50 kwa saa mpaka 400, halafu 100 kwa saa. Mlango usifunguliwe kabla ya 60. Tanuri dogo ukilizima tu, joto linaporomoka hapo hapo kwenye 500, na hapo ndipo glasi inapoharibika. Lijazeni matofali ya tanuri, hata umeme ukikatika yatashikilia joto. Kipimajoto kiwe usawa wa glasi, siyo darini. Kitako kipunguzeni hadi milimita 5.

Igoma_Kioo: Chupa nazo zichunguzeni. Si zote zinazotanuka sawasawa. Unganisha vipande viwili kwa moto wa gesi, vuta uzi mwembamba, uache upoe. Ukinyooka, vinaendana. Ukipinda, msivichanganye. Bakuli za oveni na vyombo vya maabara visiingie kabisa. Vizibo na pete za alumini toeni zote: alumini ikiingia kwenye kioo kilichoyeyuka huzaa punje ngumu za silikoni, na ufa huanzia kwenye punje.

Mkolani: Nashukuru sana wakuu. Na mbona tukichanganya kahawia na kijani chungu kinajaa povu?

Igoma_Kioo: Salfa hiyo. Iliyomo kwenye chupa ya kahawia na iliyomo kwenye nyingine haziko katika hali moja. Zikikutana motoni hutoa gesi. Kila rangi iyeyushwe peke yake.

FundiMoto: Kabla ya kuuza, fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta, vaa miwani ya jua ya polaroidi, inamisha kichwa mpaka skrini iwe nyeusi. Weka glasi katikati. Kitako kikiwaka mwanga, kina mkazo. Kama bado nzima, irudishe tanurini ikiwa baridi, ipande polepole hadi 545, uanze kupoza upya.