Naomba ushauri: nimepewa dakika tano kumwelezea bibi kwenye Misa ya mazishi

Wapendwa, bibi yangu ametutoka na familia imenichagua mimi niseme neno. Padre ametueleza kwamba mahubiri ya Misa ya mazishi si mahali pa kumsifu marehemu, ila mmoja wetu anaweza kuongea kwa ufupi baada ya Komunyo, kabla ya buriani ya mwisho.

Shida ni nichague nini. Sitaki kusoma wasifu mkavu wa alizaliwa, akaolewa, akazaa. Nina kitabu chake cha sala hapa mkononi. Kilichapwa kabla ya 2002, mwaka ambao Papa Yohane Paulo II aliongeza Matendo ya Mwanga (matukio ya maisha ya Yesu ya kutafakari) kwenye sala ya Rozari, basi bibi akayaandika mwenyewe kwa kalamu kwenye jalada la ndani, yote matano, na pembeni siku ya kuyasali: "Alhamisi." Rozari yenyewe ilikatika zamani, akaiunga kwa uzi mweusi wa kushonea. Mpya alizoletewa aligawa.

Ila bibi alikuwa mkali jamani! Ukisinzia kwenye sala ya jioni unapigwa kiwiko, naye hakosi hata "Salamu Maria" moja. Je, nikilisema hilo kanisani watu wakacheka, ni kukosa heshima?

Halafu jambo jingine: mama anataka rozari ile azikwe nayo, mjomba anasema ibaki kwa wajukuu. Waliopitia haya mlifanyaje? Misa ni keshokutwa.