Eti "baiskeli sio mkate"! Wakuu wa Tabora, huyu muuza baiskeli ananitafuta nini?

Mzee wa Isevya (mleta mada)
Wakuu, naandika mikono ina grisi, simu yenyewe inateleza, mnisamehe herufi. Mnamjua. Simtaji, hakuna haja, hakuna mtu mjini hapa aliyewahi kununua hata valvu bila kupita mbele ya kitambi kile.

Jumamosi nimenunua baiskeli kwake. Mpya, madigadi bado yana nailoni, kengele inalia kama ya kanisa. Nikaikokota mpaka nyumbani, maana mimi sipandi chombo ambacho sijakiona utumbo. Nikaipindua chini ya mwembe, spana namba 15, nikafungua gurudumu la mbele. Wakuu! Grisi iliyokuwemo isingemtosha mbu kupaka miguu. Gololi upande huu kumi, upande wa pili tisa. Koni, ile nati inayobana gololi, imekazwa mpaka gurudumu ukilizungusha linasaga kama mashine iliyokosa mahindi. Krenki ndiyo usiseme: kavu, na ndani mna chenga za chuma walizozisahau hukohuko kiwandani.

Leo asubuhi nikarudi dukani kistaarabu. Mwangaluka, mwangaluka. Nikamwambia bwana mkubwa, nimepungukiwa gololi moja, na ungenisaidia grisi kidogo, hii imekuja bila. Duka limejaa. Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kofia, akasema kwa sauti ya mnadani: "Baiskeli sio mkate, mzee, kila saa unataka kuipaka!"

BAISKELI SIO MKATE. Watu wakaanguka. Kuna mkulima wa tumbaku alikuja kununua tairi, alicheka mpaka pesa zikamdondoka na hakuziokota. Na nyuma yangu, wakuu, nani kasimama? Mkwe. Mama mzazi wa mke wangu, kafuata tyubu ya kijana wake. Akajiziba mdomo kwa kanga kiheshima, lakini mabega yanatikisika. Mabega niliyaona.

Mkate? Mimi, umri huu, mbele ya mkwe, mkate?

Mtoto wa Ng'ambo
Mkuu hii chai. Afadhali mkate umekuja nao mwenyewe.

Kisamvu Kikavu
Nimefika kwenye mabega nikaweka simu chini nikatoka nje. Tupia picha ya baiskeli ikiwa imepakwa pande zote mbili.

Spoku Mbili
Mimi ni fundi. Kwenye grisi mzee yuko sahihi, hizi zinazotoka kwenye boksi usiziamini. Unajaza grisi kile kikombe cha gurudumu kinachokaliwa na gololi, unapanga gololi humo, grisi yenyewe ndiyo inazishika zisimwagike. Halafu koni unaikaza, unairudisha kidogo. Gurudumu lisicheze, lisisage. Ila nina swali moja: pedeli ya kushoto uliifunguaje?

Mzee wa Isevya
Pedeli haihusiani. Mada ni mkate.

Spoku Mbili
Ulizungushia wapi, mzee wangu?

Mzee wa Isevya
Kama nati zote za dunia zinavyofunguliwa. Iligoma kidogo nikachomeka bomba kwenye spana. Sasa hilo linamhalalishia kunitukana mbele ya mkwe?

Spoku Mbili
😂😂 Ya kushoto nyuzi zake zimegeuzwa, makusudi, ili isijifungue yenyewe unapokanyaga. Pedeli zote mbili kukaza unazungushia mbele ya baiskeli, kufungua unarudisha nyuma. Ulikuwa unaikaza. Na bomba!

Mtoto wa Ng'ambo
Mkate umeungua.

Mama Wawili
Msimcheke mzee wa watu. Mume wangu mimi alipaka grisi mpaka kwenye CHENI. Ikabeba mchanga wote wa Tabora, ikawa mlenda. Suruali tatu nimefua, ya nne nimeifanya dekio. Cheni inataka oili kidogo na kufutwa na kitambaa, basi. Hayo ndiyo ya kufungulia uzi, sio mkate.

Mgebuka wa Ujiji
Huku Kigoma tunapaka mawese na maisha yanaenda.

Spoku Mbili
Mpaka asubuhi ya baridi yagande, ndipo mnamkumbuka fundi.

Mgebuka wa Ujiji
Nyie mko tambarare, mnabebana kwenye keria mnaita daladala. Njoo huku kwenye miteremko uone kama utauliza habari za grisi. Utauliza breki.

Mama Wawili
Wewe wa Kigoma usinitajie mawese. Niliagiza dumu kwa mtu wa hukohuko kwenu, juu jekundu linapendeza, kulimimina chini maji. Nikimpigia simu anasema niko kanisani. Jumanne!

Mgebuka wa Ujiji
Sisi tunapakia safi, dada. Linaharibikia kwenye treni.

Kisamvu Kikavu
Treni usiitaje kabisa. Reli ilifika Tabora 1912, Kigoma ikafika 1914, gunia langu la dagaa bado liko njiani.

Mtoto wa Ng'ambo
Na likifika, uliza lilipakiwa na kilo ngapi.

Mzee wa Isevya
Jamani turudi kwenye mada. Shemeji yangu, yule wa tyubu, amemtuma mtoto sasa hivi na mfuko wa karatasi. Nimeufungua. Ni nusu mkate. Mtoto anasema kaambiwa asubiri chombo cha grisi.

Mama Wawili
Mgebuka, dumu la lita 20 lisilo na maji unaweza kunipatia shilingi ngapi?

Mgebuka wa Ujiji
Njoo pembeni tuongee dada.