Mbung'o wamehamia mtoni, na sisi tumewafuata na ng'ombe: naomba ushauri

Habari wakuu. Niko Kaliua, Tabora. Kiangazi hiki lambo la kijiji limekauka mapema, ikabidi tuswage ng'ombe 43 kushuka upande wa Mto Ugalla. Kumbe jua likikaza na miombo ikipukutisha majani, mbung'o nao hukimbilia vivuli vya mtoni. Yaani tumekutana wote sehemu moja: ng'ombe, pongo, mbung'o na mdogo wangu anayechunga.

Wiki iliyopita karudi na homa ya kuja na kuondoka. Shingoni ana uvimbe mwekundu wenye kidonda katikati, palepale alipoumwa. Zahanati wamepima malaria, hakuna, wakampa dawa ya maumivu. Mimi nahofia malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Vimelea vya aina ya huku kwetu hukaa ndani ya ng'ombe na pongo kimyakimya, lakini vikimpata mtu ni suala la wiki au miezi tu hadi viingie kwenye ubongo.

Nimpeleke moja kwa moja hospitali ya mkoa wakatazame damu kwa darubini, au nianzie wilayani? Na ng'ombe je, dawa ya kuogesha inadumu mgongoni siku ngapi kwa jua hili? Jirani katundika vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyochovywa dawa kwenye njia ya maji (mzee anacheka, eti tunawashonea mbung'o bendera). Kuna aliyejaribu akaona wamepungua? Kurudi nyumbani kabla ya mvua siwezi, maji hakuna.