Niko terapia muda sasa, mtu anajuaje kama anasogea?

Kimyakimya: Wakuu habari zenu. Naenda kwa mwanasaikolojia sababu ya wasiwasi, nikajua mwezi tu ntakuwa fiti, wapi. Wiki moja nalala vizuri nasema aah nimepona, wiki inayofuata bosi akiniambia tu "pita ofisini baadae" tumbo linavurugika usiku mzima nawaza kufukuzwa. Mlioshapita huku mlijuaje kama inasaidia au ni hela zinaondoka tu?

BabaWawili: Hilo tumbo siku hizi linachukua muda gani kutulia? Mana mimi mabadiliko niliyaonea hapo. Zamani nikikwaruzana na wife nanuna wiki nzima, simu napokea kwa "mmh" tu. Sasa hivi bado nanuna, sidanganyi, ila ikifika jioni tushaongea.

Nuru_ya_7: Muombe fomu ya GAD-7, ina maswali 7 kuhusu wasiwasi wa wiki 2 zilizopita, kila moja 0 mpaka 3, so jumla haizidi 21. Ukiijaza kila baada ya muda utaona alama zinapanda na kushuka ila kwa ujumla zinaelekea wapi, kichwa chenyewe hakiaminiki, kikiwa kwenye siku mbaya kinasahau nzuri zote. Na kama mnafanya CBT (tiba ya kubadili namna unavyowaza na kutenda) zile kazi za nyumbani usiziruke, kwenye kikao unajifunza tu, mazoezi yenyewe ni huko kwa bosi.

Mchokozi: Mnamtia moyo tu hapa. Kuna vikao vingine ni kupiga stori na kulipa. Muulize waziwazi, lengo letu nini na tutajuaje tumefika, akileta hasira tafuta mwingine.

Kimyakimya: @BabaWawili umenifanya nifikirie, mwanzo nilikuwa nakesha kabisa, juzi nimewaza wee mwisho usingizi ukanipitia. Asubuhi nikamfuata bosi mwenyewe kabla hajaniita tena, kumbe alikuwa anatafuta funguo za stoo 😂. Fomu ntaulizia. Ila @Mchokozi kumuuliza hivyo naona kama namkosoa, naanzaje?

Nuru_ya_7: Anza na hilohilo, mwambie "kuna kitu naogopa kukuuliza." Wamezoea hao, na hapo kikao kizima kishapatikana.

Mchokozi: Hapo kwa kweli nakubaliana nae.