Eti "nenda kapige picha na bunduki zako"!!!

Nimetoka kikao cha walimu sasa hivi mikono bado inatetemeka. Yule bwana, bosi wetu wa shule, mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule wa funguo mia tatu kiunoni akipita korido unadhani njuga za ngoma. Nilishampa taarifa mapema, kwa mdomo na kwa maandishi, kwamba niko Gadi ya Taifa, hili jeshi la akiba la hapa Marekani, na mafunzo ya wiki mbili mwaka huu yameangukia shule zikiwa wazi, sio mimi niliyepanga! Akanyamaza. Leo mbele ya walimu wote, mpaka wapishi wa kantini walikuwepo, ananiambia NENDA KAPIGE PICHA NA BUNDUKI ZAKO UKIRUDI TUTAONA. Watu wakacheka. Kapige picha! Mtu natambaa kwenye matope na begi zito kuliko yeye na meza yake na hizo funguo zake zote!

Halafu eti nitafute mwenyewe wa kunishikia darasa, na hizo siku zikatwe kwenye likizo yangu. Wakati USERRA, sheria ya Marekani inayolinda kazi ya mtu akienda jeshini, ipo tangu 1994, unatoa taarifa, huombi ruhusa, na likizo yako haiguswi mpaka utake mwenyewe. Ila hata hilo halijaniuma kama lile neno. Picha! Mbele ya wapishi!

Kalamu_Nyekundu: Pole mwalimu. Wangu mimi aliniuliza kama jeshi haliwezi kusubiri mitihani iishe.

BabaChaki: Sasa umekasirikia likizo au picha? Kwani hupigi? 😂

Mleta uzi: Hukuwepo wewe. Ungesikia alivyolivuta, "kapigeeee", na mkono kaweka kama ameshika simu. Wapishi wameona!!

BabaChaki: Wapishi tena 😂😂 basi chakula cha kesho usile

Dereva_Basi: Nyie walimu mnalilia maneno. Mimi dereva wa basi la shule nimekaa jeshini miezi minane, narudi nakuta njia yangu kapewa mtu mwingine, mimi nimewekwa kufagia gereji.

Kalamu_Nyekundu: @Dereva_Basi hiyo sasa ndo kesi. Ukipitisha siku 180 jeshini una siku 90 za kuomba kurudi kazini, na wanatakiwa wakuweke pale ambapo ungekuwepo kama usingeondoka. Peleka malalamiko VETS, ofisi ya mambo ya kazi za wanajeshi pale Idara ya Kazi, hulipi kitu.

Dereva_Basi: Nishaandika. Ufagio bado ninao.

MamaMaabara: Mmesema funguo mmenikumbusha, wa kwetu kafungia karatasi za kopi kabatini, wiki ya tatu hii naomba rimu moja naambiwa funguo anayo yeye

BabaChaki: Wa kwetu kafungia mpaka hita

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye hoja, alisema PICHA

MamaMaabara: @BabaChaki hita?? na baridi hii? ehh hebu tuambie vizuri