Kumchora askari mstaafu: nimchore alivyokuwa au alivyo sasa?

PenseliLaini aliuliza:

Ndugu wachoraji, salaam. Kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikichora sura za askari wastaafu waliopigana vitani, kwa penseli na mkaa wa kuchorea, na kila mchoro unapokamilika namkabidhi mwenyewe bila malipo. Kazi hii naipenda na kuiheshimu, lakini nimefika mahali ambapo nahitaji ushauri wenu.

Mara nyingi anayenitafuta si askari mwenyewe bali ni watoto au wajukuu wake, nao huniletea picha ndogo ya zamani iliyopauka, ya kijana wa miaka ishirini na kitu aliyesimama wima ndani ya sare iliyopigwa pasi. Wanataka nimchore hivyo. Mwezi uliopita nilifanya kama nilivyoombwa, nikahangaika na vifungo vya koti hadi vikang'aa, kisha nikampelekea mzee mchoro wake. Aliutazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya shavu la yule kijana, akaniambia kwa upole: "Huyu namkumbuka, lakini si mimi." Halafu akaniuliza kwa nini sikuchora kovu lililo chini ya jicho lake. Sikuwa na la kusema, maana picha ile ilipigwa kabla hajajeruhiwa.

Je, ni sahihi zaidi kumchora mtu alivyokuwa alipotumikia, au alivyo leo? Na kovu, au kiungo kilichokatwa, nikionyeshe kwa uwazi wa kiasi gani bila kumvunjia heshima?

MkonoWaMkaa alijibu:

Ndugu yangu, naona mzee huyo amekwisha kukujibu. Mimi ningemchora alivyo leo, tena akiwa ameketi mbele yangu, na ile picha ya zamani ningeitumia kwa ajili ya sare tu kama yeye mwenyewe anaitaka sare. Picha ndogo iliyopauka haikupi umbo la mfupa wa shavu wala kina cha tundu la jicho. Inakupa giza na weupe, na mengine yote unayabuni wewe, ndiyo maana sura za namna hiyo hufanana zote.

Mketishe pembeni mwa dirisha ili mwanga uje kutoka upande mmoja, kisha usishike penseli kwa nusu saa ya kwanza. Zungumza naye. Uso wa mtu anayejua kwamba anachorwa hukakamaa, nao hulegea akianza kusimulia jambo analolijali. Hapo ndipo utaona kichwa kinavyoinamia upande fulani na mdomo unavyofungwa anapotafuta neno. Chora vijipicha vitano au sita vya haraka kabla ya kuanza mchoro wenyewe. Usisahau mikono, kwa sababu kwa wazee wengi mikono husema mengi kuliko paji la uso.

Kuhusu kovu, kosa ninaloliona mara kwa mara ni kulichora kama mstari mweusi, likaonekana kama uzi uliobandikwa usoni. Kovu ni mahali ambapo ngozi inapokea mwanga kwa namna nyingine: mara nyingi ni nyororo kuliko ngozi iliyolizunguka, na kingo zake huvuta mikunjo midogo kuelekea kwake. Jenga kwanza kivuli cha shavu lote, kisha nyanyua mwanga kwa ncha ya kifutio laini kile kinachofinyangwa kwa vidole, na kivuli cha ukingo ukiweke mwisho kabisa, kwa mkono mwepesi.

Kuna mfano wa kuuangalia. Henry Tonks, mwalimu wa uchoraji ambaye awali alikuwa daktari wa upasuaji, alichora kwa pasteli, yaani vijiti laini vya rangi, nyuso za askari waliojeruhiwa vibaya katika Vita Kuu ya Kwanza, akifanya kazi pamoja na mpasuaji Harold Gillies huko Aldershot, Uingereza, kuanzia mwaka 1916. Michoro ile ilikuwa kumbukumbu ya matibabu, na yeye mwenyewe hakuona kwamba inafaa kutazamwa na umma. Hata hivyo, ukiitazama utaona kwamba hakuficha jeraha hata moja, wala hakuruhusu jeraha lifunike macho ya mtu. Uwazi wa kiasi hicho ndio ningeufuata.

AskariMstaafu alijibu:

Nimesoma majibu haya nikiwa mtu aliyewahi kuchorwa. Nakubaliana na mengi, ila siwezi kukubali kwamba alivyo leo ndiyo jibu kwa kila mmoja wetu. Wapo wenzangu wanaotaka wachorwe wakiwa vijana, kwa sababu ndivyo walivyoonekana siku za mwisho walipokuwa pamoja na wenzao wasiorudi. Muulize mwenyewe, na umuulize akiwa peke yake, maana mbele ya watoto wake atasema linalowafurahisha watoto.

Jambo la pili ni nishani. Katika majeshi mengi nishani huvaliwa kifua cha kushoto, kwa hiyo kwenye mchoro wa mtu anayekutazama zinapaswa kuwa upande wako wa kulia. Picha aliyojipiga mtu kwa simu mara nyingine huwa imegeuzwa kama kwenye kioo, na mchoraji anayeinakili huhamisha nishani, kovu na hata mkono uliokatwa bila kujua. Mwombe akuonyeshe nishani zenyewe, uzichore kwa mpangilio wake, wala usimwongezee hata moja. Mwenzetu mmoja alichorewa nishani ambayo hakuwahi kuvishwa; alishukuru kwa adabu, lakini mchoro ule hakuutundika hata siku moja.

Na mkiwa mmekaa, tafadhali usimuulize aliua wangapi. Muulize majina ya wenzake.

Hifadhi alijibu:

Naongeza dogo tu. Tumia karatasi ya pamba isiyo na asidi, kwa kuwa penseli na mkaa havipauki, ila karatasi duni hugeuka manjano na kukatika. Mkaa upulizie dawa ya kuushikiza kwa tabaka nyepesi mara mbili au tatu, na kwenye fremu weka ukingo wa karatasi ngumu ili kioo kisigusane na mchoro. Nyuma yake andika kwa penseli jina la askari, kikosi chake na tarehe.

PenseliLaini alijibu:

Shikamoo mzee wangu AskariMstaafu, na asanteni nyote. Nimetambua kwamba mwaka mzima nimekuwa nikiwauliza watoto na wajukuu swali ambalo mwenye uso ndiye alipaswa kuulizwa. Nilimpigia yule mzee jana, nikamwomba nirudi kwake Jumamosi na karatasi mpya, nikamuuliza angependa achorwe vipi. Amesema ataketi karibu na dirisha, na upande wa kovu ndio uelekee kwangu. Sare hataki, ila ameomba nimchore akiwa ameishika ile picha ya zamani mkononi.