Hita inawaka usiku kucha lakini dirisha linatoka jasho na kona imeota ukungu

kona_baridi:
Wakuu, naomba msaada. Chumba cha kulala ni mita za mraba 12, dari mita 2.5, watu wawili. Dirisha ni la kioo kimoja, kuta mbili zinapakana na nje. Hita ya umeme imewekwa nyuzi 18, mlango na dirisha vinafungwa. Asubuhi kipima unyevu kinasoma asilimia 68, kioo kinachuruzika maji, na nyuma ya kabati ukungu mweusi umeanza. Nje ni kama nyuzi 5. Niongeze joto? Kuna aliyenishauri bakuli la chumvi.

fundi_hewa:
Mkuu, hita haiondoi maji chumbani, inashusha asilimia tu, yaani mvuke uliopo ukilinganishwa na wote ambao hewa ya joto hilo inaweza kubeba. Hewa ya nyuzi 18 ikijaa kabisa hubeba gramu 15 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo asilimia 68 ni kama gramu 10.5. Pandisha hadi 20, kipimo kitasoma 61 na utafurahi, ila gramu ni zilezile. Kwa kiasi hicho cha mvuke, kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 12 kitalowa, na kioo chako kiko chini ya hapo. Kona ya kabati haihitaji hata kulowa. Ukungu huota uso wa ukuta ukikaa kwenye asilimia 80 kwa siku kadhaa, na ukuta wa nyuzi 15 chumbani humo tayari umefika.

Maji yanatoka kwenu wenyewe. Mtu aliyelala hutoa karibu gramu 40 za mvuke kwa saa, kwa pumzi na ngozi. Wawili kwa saa nane ni gramu 640. Hewa yote ya chumba hicho, mita za ujazo 30, imebeba kama 315 tu. Yanayozidi yameingia kwenye kioo, godoro, mapazia na plasta.

Ndiyo maana kufungua dirisha mara moja asubuhi hakutoshi. Hewa ya nje ya nyuzi 5, hata ikiwa na asilimia 90, ina gramu 6 tu, kwa hiyo kubadilisha hewa yote mara moja kunatoa gramu 130 hivi. Nusu saa baadaye kipimo kinapanda tena na watu wanadhani kimeharibika, kumbe godoro linarudisha lilichonywa. Zima hita, fungua dirisha lote pamoja na dirisha la upande wa pili wa nyumba ili hewa ipite moja kwa moja, dakika 5 hadi 10, kisha funga. Rudia baada ya saa moja, mara mbili au tatu. Ukifungua mlango wa ndani peke yake, unahamishia mvuke sebuleni. Kuhusu gharama usiogope: kuipasha upya hewa hiyo ni kazi ya dakika 8 hivi kwa hita ya wati 1,000, kwa sababu kuta hazijapoa.

Usiku acha mwanya. Hesabu inadai mita za ujazo 18 hivi za hewa kavu kwa saa, ambazo ni kidogo: tundu la hewa juu ya fremu, au dirisha wazi sentimita moja, na mwanya wa sentimita moja chini ya mlango ili hewa itoke. Ila usiache dirisha nusu wazi kutwa nzima. Ukuta unaozunguka fremu utapoa na ukungu utahamia hapo.

mpima:
Chumvi ya mezani haivuti mvuke mpaka hewa ipite asilimia 75. Kwenye 68 ni pambo. Itumie kukagua kipimo chako: jaza kifuniko cha chupa kwa chumvi, dondoshea maji hadi iwe kama mchanga uliolowa (ikiyeyuka yote umezidisha), ifunge pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, iache saa 12 bila kuisogeza. Kisome bila kufungua mfuko. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 70, ongeza 5 kwenye kila usomaji.

jiko_na_bafu:
Asije mtu akakushauri hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi. Kilo moja ya gesi ikiungua inatoa maji zaidi ya lita 1.5, tena yote humo humo ndani, achilia mbali hatari ya kaboni monoksaidi. Nguo mbichi nazo zisianikwe chumbani.

Kama bafu liko karibu, angalia feni yake ya kutolea hewa nje. Weka karatasi ya chooni kwenye wavu: isiponata, safisha vumbi kwanza. Ikinata kwa mlango wazi na kudondoka mlango ukifungwa, feni ni nzima, hewa ndiyo haina pa kuingilia. Bomba lake liinamie nje. Bomba laini lililolegea katikati hukusanya maji na kuziba.

kona_baridi:
Asanteni wakuu. Kabati nalisogeza kiasi gani, na ule ukungu?

fundi_hewa:
Sentimita 10 kutoka ukutani, na usijaze vitu hadi juu, hewa ipite. Bora zaidi lihamie ukuta wa ndani. Vaa glavu na barakoa, futa kwa maji ya sabuni, usisugue ukungu ukiwa mkavu kwa sababu vumbi lake linasambaa. Dawa ya klorini usiichanganye na siki wala amonia. Usipake rangi kwanza. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 ukutani, ziba kingo zote nne kwa utepe, subiri siku mbili. Kikilowa upande wa chumbani, tatizo ni hili tulilojadili. Kikilowa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta: kagua mabomba, mfereji wa paa na msingi.